Kinu Kitupu cha Mama Somoe

Niseme mapema kabla hamjanicheka: mie niliambiwa hadithi yangu haiaminiki, nikakasirika. Kosa langu lote ndilo hilo, na kwa ajili yake mume wa mtu akapandishwa lori.

Enzi zile nilikuwa karani wa ghala, elimu yangu kidato cha nne, nimepanga chumba Keko, na mtaani waliniita Kobe kwa sababu nikitoka kazini naingia ndani, na nikishaingia sitoki (Kigamboni naiona ng'ambo pale, pantoni sijalipanda hata siku moja). Safari yangu ilikuwa moja tu kwa juma, Jumamosi alasiri, kwenda karakana ya Salehe, fundi seremala, tulikokuwa tukikutana wachache kusomeana tulivyoandika. Kiongozi wetu, Ndugu Damasi, mwalimu wa shule ya msingi, alituwekea sheria moja: kazi yako ikijadiliwa, wewe huna mdomo. Wenzako watasema wee mpaka wachoke, nawe umekaa juu ya ubao unaangalia misumari.

Alikuwapo pia Mzee Mfaume, balozi wetu wa nyumba kumi. Aliwahi kuuliza hawa wanakutana kwa nini kila juma, basi sie ili kumtoa wasiwasi tukamkaribisha, akapewa kiti chenye mikono, akawa anasinzia humo mpaka tukamzoea kama samani iliyokosa mnunuzi.

Sasa jirani zangu. Ukuta mmoja nami walikaa Mama Somoe na mumewe Chilumba, mchonga vinyago, mtu wa kusini. Miaka ile asiye na kadi ya kazi alikamatwa akapelekwa kijijini kulima, na kuchonga chumbani kwako hakukuhesabiwa kuwa kazi. Chilumba walishampeleka mara moja, akatoroka akamrudia mkewe aliyekuwa mjamzito, akawa anachonga kwa kujificha, nyundo kaifunga kipande cha blanketi, na mkewe kakaa mlangoni anatwanga kinu kitupu, hamna mahindi wala mpunga, ili mlio wa mchi uufunike wa nyundo. Mie nilijua.

“Jirani,” Mama Somoe aliniambia, “umesikia, hujasikia.”

“Sijasikia kitu, shemeji,” nikamjibu.

Kisha nikaingia ndani nikaiandika. (Mtu asiyetoka nyumbani ataandika nini?) Nilibadili majina, nikawahamishia Kigamboni wote wawili, kinu wakaenda nacho, nikajiona nimewasitiri.

Jumamosi hiyo alianza Rehema, muuguzi, na insha yake juu ya foleni ya sukari, ikasifiwa sana. Ikafika zamu yangu. Nilisoma, nilipomaliza nikafunga mdomo kama sheria inavyotaka.

“Lugha nzuri,” akasema Ndugu Damasi, “ila mambo haya hayawezekani. Mwandishi amelala kitandani akabuni.”

“Mie ni fundi, jamani,” Salehe akadakia. “Mpingo ukigongwa unalia! Huyo jirani wa ukutani ana pamba masikioni?”

Wakacheka. Hapo ningenyamaza! Sheria ilinitaka ninyamaze, ahadi yangu ilinitaka ninyamaze, lakini lile neno la kitandani lilikuwa limenichoma, nikasimama.

“Nyundo ameifunga blanketi! Nimesema humo! Naisikia mwenyewe kila alasiri, pu, pu, pu!”

Rehema akaniangalia kama anavyomwangalia mgonjwa aliyekwisha. Na kile kiti chenye mikono kikalia.

“Unaisikia ukiwa wapi, mwanangu?” akauliza Mzee Mfaume, kwa upole kabisa.

“Kigamboni, mzee. Kwa shangazi.”

Salehe, maskini, hakuwa na nia mbaya, alitaka utani tu. “Kobe huyu afike Kigamboni? Mzee, safari ndefu ya huyu ni chooni!”

Wakacheka tena, na Mzee Mfaume akacheka nao, akapangusa vumbi la mbao kwenye kanzu, akasema hadithi ni nzuri, akaaga.

Na hapa ndipo pananiuma kuliko pote. Nilijua anakokwenda. Lakini Ndugu Damasi alikuwa ameanza kusema kwamba, ah, kama jambo ni la kweli, basi kazi hii ni bora kuliko zote tulizosomeana mwaka huu, nami nikajidanganya kuwa mzee anawahi swala, nikakaa nisikilize sifa zangu mpaka mwisho.

Nilipokuja kukimbia, kiatu kimoja kilinitoka njiani sikukirudia, na karatasi zangu bado mkononi. Nikakuta mtaa mzima uko nje. Mgambo wawili wamemtoa Chilumba kifua wazi, nywele zimejaa chembe za mpingo. Nikajipenyeza, sijui nikafanye nini, nikajikwaa kwenye kinu, karatasi zikatawanyika miguuni pa watu. Mgambo mmoja akaokota moja, akasoma kwa sauti: “Mkewe hutwanga kinu kitupu ili mlio wa mchi uufunike wa nyundo.” (Alisoma vizuri kuliko mie.)

Hakuna aliyecheka. Watu waliangalia kinu, wakaniangalia mie na kiatu changu kimoja. Chilumba aliomba shati tu. Mama Somoe akamletea, akamfunga vifungo vyote hadi cha shingoni, mgambo wakampandisha lori.

Safari hii hakurudi. Mtoto, ndiye huyo Somoe, akazaliwa baba hayupo. Ukuta wangu ukawa kimya, nami nikaacha kwenda karakana; siku hizi mtu akiniambia nimeongopa, namshukuru.

Arobaini ya mtoto ilipopita nikampelekea Mama Somoe pakiti ya sukari. Nikamkuta mlangoni anatwanga, safari hii mahindi ya kweli. Nikajieleza nikimumunya maneno, kwamba sikukusudia, kwamba wenzangu walisema hadithi haiaminiki, ndipo nikateleza. Aliniacha nimalize. Akauegemeza mchi ukutani, akasema:

“Jirani, ungekubali tu kwamba hujui kuandika, mwanangu angekuwa na baba.”