Sambusa za Kuchemsha za Mzee Anselm

Mzee Anselm wa Usoke alikuwa mlaji, na kusema hivyo si kumsengenya, maana mwenyewe alijisifia. Alikuwa fundi wa kuchonga mizinga ya nyuki tangu alipokuwa Ipole. Vijiji vya ujamaa vilipomhamishia karibu na reli, wenzake walilia. Yeye alifunga mizigo akiimba, kwa sababu ya treni ya Kigoma. Treni ilileta dagaa na migebuka mikavu, samaki wa ziwani, na Anselm aliisikia harufu yake kabla ya kusikia honi.

Lakini maradhi hayana adabu. Alipovuka miaka hamsini, mwili ukamgeuka. Akila dagaa, anawashwa mgongo mzima. Akila nyanya, uso unamwiva. Akionja pombe ya mtama, macho yanavimba mpaka anapapasa njia ya kwake mwenyewe. Sista wa zahanati ya misheni akamweleza kwamba katika vyakula vilivyokaa, vilivyokaushwa na vilivyochacha kuna kitu kiitwacho histamini, na mwili wake umeshindwa kupatana nacho. Ale kuku aliyechinjwa leo, boga, ugali na asali. Nyanya aache. Samaki mkavu aagane naye kabisa.

Anselm alirudi nyumbani kama mtu aliyetoka kuzika.

Mwaka huohuo bintiye Flavia akaposwa na Elieza, kijana wa Kanisa la Moravian kutoka Urambo. Flavia alikuwa amekaa na masista Waitaliano mjini Tabora, akajifunza kwao tambi za kujaza: unga wa ngano unasukumwa, unakatwa vipande, unatiwa kitu ndani, unabanwa kingo, kisha unachemshwa. Kijiji kizima kiliziita sambusa za kuchemsha. Flavia alisema hizo ndizo atakazowapikia wakwe, na akasema pia kwamba asipoolewa na Elieza atarudi kwa masista asitoke tena. Anselm alimjua binti yake. Hakuwa mtu wa vitisho vya bure, na nyumba bila yeye ingekuwa pango.

"Tujaze boga na kuku zote," Anselm akashauri.

Mkewe, Tekla, akamtazama kwa jicho la pembeni. "Wageni wa Urambo tuwalishe chakula cha wagonjwa? Zao tutatia mgebuka na nyanya. Zako tutakubania kwa vidole, zao Flavia atazibana kwa uma. Utazitambua."

Shauri lilikuwa zuri, ila walisahau jambo ambalo mtoto wa Kinyamwezi analijua kabla ya kuota meno. Mwenye mji huonja kwanza mbele ya wageni, kutoa sumu. Asipoonja, ana lake jambo.

Siku ikafika. Elieza alikaa nyuma ya wenzake, macho chini kama inavyompasa mtu aliye mbele ya mama mkwe, na chakula asikiguse. Msemaji alikuwa baba yake mkubwa, Mzee Tobias, mtu mkavu aliyekuja akiwa na wasiwasi na Wakatoliki tangu alipopanda treni. Sinia likawekwa. Anselm akanawa, akapitisha mkono juu ya zile zilizobanwa kwa uma, akaenda mpaka ukingoni, akachukua ya vidole, akala kwa raha.

"Mkwe," akasema Tobias, "mbona mkono wako umeruka sinia zima?"

"Nimechukua iliyo karibu."

"Iliyo karibu ni hii." Akamsogezea ya uma. "Ndani ya kitu hiki hatuoni. Wewe unaona?"

Anselm angeweza kueleza habari za sista na histamini, lakini nani angeamini kwamba mwenye nyumba anaugua kwa chakula alichowapikia wageni? Akamwona Flavia mlangoni, ameshika kitambaa kwa mikono miwili. Akaichukua ile ya uma, akaitia kinywani.

Tuseme kweli: ilikuwa tamu. Mgebuka ule alikuwa hajauonja kwa miezi, na furaha ilimpanda hadi machoni. Akala ya pili bila kuombwa. Ya tatu aliila kwa uroho tu.

Tobias alikuwa ndiyo kwanza ananyoosha mkono alipouona uso wa mwenyeji wake ukiiva. Masikio yakafuata. Midomo ikajaa, macho yakavimba. Anselm akaanza kujikuna, kwanza kwa heshima, kisha mgongo kwenye nguzo ya nyumba kama ng'ombe. Tobias akaurudisha mkono polepole.

"Jamani," akasema, "tuondokeni."

Wageni wakainuka. Tekla akajaribu kueleza, ila maneno yake yalizidisha hofu: mume wake hali samaki huyu, humdhuru. "Basi kwa nini mmetupikia sisi?" Tobias akauliza, na swali lilikuwa na haki yake.

Hapo Elieza akapita katikati ya wazee. Akakaa mbele ya sinia, uso kwa uso na mama mkwe wake, akala. Akala moja, akala nyingine, akafuta kwa kidole mchuzi uliovuja. Tekla akajifunika khanga kichwani kwa aibu.

"Unakula mbele ya mkweo!" Tobias akasema.

"Ndiyo, baba. Kama ni sumu, nife nikiwa kwao. Kama si sumu, nitozwe."

Hakufa. Walingoja, wakamtazama, hakuwashwa hata kidole. Mmoja mmoja wakarudi kukaa, na Tobias ndiye aliyelikwangua sinia.

Elieza akatozwa mbuzi kwa kuvunja mwiko. Kidonge cha sista kikamshusha Anselm uvimbe, na mbuzi akachinjwa siku iliyofuata, akaliwa palepale, nyama ya moto isiyolala. Anselm alikula mpaka akafungua mshipi.

"Jana macho yalikuwa yameziba," akamwambia Flavia, "nilimwona mumeo kwa upenyo tu. Imetosha kumjua."