Kata Isiyo na Fundi

Sifael alikuwa na dharau ya kuwatosha watu wote wa kata yake na nyingine ikabaki. Aliwadharau wanunuzi binafsi wa kahawa waliomiminika mlimani baada ya soko kufunguliwa, kila mmoja na mizani yake na uongo wake. Aliidharau serikali iliyouza kiwanda cha zana alichokitumikia miaka kumi na tisa, ikamuaga kwa barua iliyokosea hata jina lake. Lakini zaidi ya wote aliwadharau watu wa karatasi. Mtu mwenye mikono laini anayepanda mlima na kalamu, alisema, hajaleta kitu. Amekuja kuchukua.

Na kazi aliijua, hilo hata adui zake walikubali. Nyuma ya nyumba yake, mlimani juu ya mji mdogo wa Usa River, alikuwa na mashine ya kuchomelea aliyoisuka kwa mkono wake. Majokofu ndiyo usiseme. Mashamba ya maua yalipoanza kuenea huko bondeni, yeye ndiye aliyeitwa vyumba vya baridi vilipogoma na mawaridi kuanza kunyauka ndani ya maboksi. Aliitwa kama kibarua, analipwa, anaondoka.

Mwaka 1998 binti mmoja aliyeitwa Diana aliingia katani na fomu mkononi. Alitumwa na wilaya. Kulikuwa na wafadhili waliotaka mpango mkakati wa kukuza nguvukazi, na mpango haupangwi bila kujua nani anajua kazi gani. Hayo Diana alimweleza kila mtu vizuri kabisa. Sifael hakusikiliza. Jumapili, baada ya ibada, watu walipokuwa nje ya kanisa wakinunua kwa mnada ndizi na mayai ya sadaka, alipita kwa mafundi wenzake mmoja mmoja huku akijifanya anapandisha bei ya kuku.

"Huyo binti ni wa kodi," aliwanong'oneza. "Leo anaandika fundi, kesho Mtendaji anakuja na leseni na kodi ya maendeleo ya miaka yote. Semeni wakulima. Wote."

Mafundi tisa walimwamini, maana kuamini hakukuwagharimu kitu. Jumatatu waashi, maseremala na wachomeleaji walisahau ufundi wao. Vyerehani vilifunikwa mablanketi. Sifael aliilaza mashine yake chini ya majani makavu ya migomba, akakaa juu yake kwa raha kama mtu anayepunga upepo.

"Mwambie ukweli," mkewe Marta alimwambia. "Mtoto wa watu ana adabu."

"Adabu ndiyo mtego wenyewe."

Diana alimwamkia, shikamoo baba, akakaa kwenye kigoda. Aliitazama mikono ya Sifael, iliyojaa makovu ya cheche hadi kwenye viwiko. Akauliza kwa upole kama labda anafanya kazi nyingine zaidi ya shamba.

"Hayo ni ya jikoni," Sifael alisema. "Mimi mkulima, mwanangu. Kahawa na ndizi."

Binti akaandika. Sifael akasaini kwa mbwembwe, akamcheka mpaka alipopotea kwenye kona.

Wiki tatu baadaye Abdiel alipanda mlima. Huyu alikuwa Mchaga wa Machame, meneja wa shamba moja la maua, mtu asiyependa maneno mengi. Alimwambia Sifael kwamba wenye shamba wamekubali aajiri fundi mkuu wa vyumba vya baridi, kwa mkataba, na matibabu kwa mke na watoto.

"Nakutaka wewe, Baba Elifuraha. Ila mashamba yote tumekubali kuajiri kutoka orodha ya mafundi ya huo mpango wa wilaya. Itasomwa mkutanoni mjini. Kama jina lako limerukwa, simama useme, mimi nitakuunga mkono palepale."

Basi Sifael alikwenda mjini akiwa amevaa koti la Krismasi. Alikuwa na mwaliko rasmi, kwani kati ya watu wote wa kata, wilaya ilimchagua yeye kuwa mwakilishi wa wakulima.

Ukumbini kulikuwa na karatasi kubwa ukutani na kalamu za rangi. Mratibu, kijana aliyeitwa Derick, alizunguka akiandika dira, dhamira, fursa na vikwazo, akipigia mistari maneno ambayo hayajawahi kukaza hata nati moja. Debe tupu, Sifael alijisemea. Wadau walitafuna sambusa na kutikisa vichwa. Kisha Derick akafika kwenye kata yao.

"Hali ni mbaya," alisema. "Kaya zote zimehojiwa. Kata nzima haina fundi hata mmoja. Labda mwakilishi wa wakulima atuambie kama tumekosea."

Maikrofoni ikamfikia. Abdiel aligeuka kwenye kiti, akamtazama, akasubiri. Sifael akafungua mdomo. Hapo akamwona Yoeli, Mtendaji wa kata, ameketi mstari wa mbele, kalamu i wazi juu ya daftari. Neno moja lingempa kazi, na lingewakabidhi wenzake tisa kwa Yoeli.

Au hivyo ndivyo alivyojiambia baadaye. Ukweli ni kwamba aliogopa. Aliogopa kodi, akaogopa zaidi kusimama mbele ya watu aliowadharau na kukiri kwamba uongo uliokuwa ukutani ni wake.

"Wakulima tunashukuru kwa mpango," alisema, akaketi.

Nje, Abdiel hakumpa mkono. "Maikrofoni ilikuwa yako, mzee," alisema, akaingia kwenye gari. Kabla mwezi haujaisha kazi ilichukuliwa na mtu kutoka Morogoro.

Mpango ulitekelezwa, jambo ambalo hata Sifael hakulitegemea. Januari darasa la ufundi likafunguliwa kwenye ghala la chama cha ushirika, na kwa kuwa mashamba sasa hayakumgusa mtu asiye na cheti cha mpango huo, wale mafundi tisa wote walijiandikisha, na Sifael, mwenye miaka hamsini na miwili, akiwa wa kumi. Mtendaji Yoeli alikuja kufungua, akakaa pembeni na daftari lake. Mwalimu, mgeni mwenye ovaroli mpya, aliinua kijiti cha kuchomelea.

"Nani anajua hiki ni nini?"

Mafundi tisa walimgeukia Sifael, waone kama ni salama kujibu. Sifael akatazama sakafu. Mwalimu alisubiri, akawatazama kwa huruma, kisha akaanza kuwaeleza polepole, kwa maneno mepesi, kwamba duniani kuna kitu kinaitwa chuma.