Machozi ya Alfonsi Jumapili ya Mbegu

Katekista Fridolin, wa kigango kimoja jirani na Kivukoni, aligundua mapema kwamba ukiwakaripia waumini wanasinzia, ila ukiwapongeza kwa kejeli wanaamka. Padri alifika kutoka Ifakara kwa nadra, kwa hiyo Jumapili nyingi mahubiri yalikuwa yake. Watu walikuja wakijua watacheka kwanza, halafu watachomwa.

Safari hii alikuwa na mtu wa kumchoma. Restituta, mjane wa Kelestini, alikuwa amenyang'anywa shamba la mpunga na shemeji yake Alfonsi. Mwenyekiti wa kitongoji alisema hayo ni mambo ya ukoo. Ukoo ukasema hayo ni mambo ya Alfonsi. Na mvua hazikuwa mbali.

"Niombee tu, katekista," Restituta alisema.

"Kukuombea nitakuombea, mama. Ila Jumapili ya kubariki mbegu njoo ukae mbele."

Jumapili hiyo kila nyumba huleta mbegu altareni kabla ya kupanda. Alfonsi, mwenyekiti wa jumuiya, alileta gunia. Restituta alileta ndoo. Fridolin akaviweka bega kwa bega, kisha akafungua mdomo.

"Hongereni, ndugu zangu. Bwana alifufuka siku ya tatu. Sisi tumempita: undugu wetu unafufuka siku ileile ya mazishi, tena umeshika kamba ya kupimia shamba! Mtu akiumwa, njia ya kwake hatuijui. Akifa, tunaijua mpaka ya shambani. Mjane wa Injili alitoa senti zake mwenyewe. Wa kwetu tusimchoshe, tunamfuata kwake tukamsaidie kutoa."

Kanisa likaangua kicheko. Halafu kicheko kikapungua, kikafa.

"Tazameni. Gunia hili lina mashamba. Ndoo hii haina hata jaruba moja. Maji ya baraka ni yaleyale. Mungu hana upendeleo. Upendeleo katuachia sisi."

Alfonsi alilia. Alilia kwa sauti, mabega yakiruka, hata wanakwaya wakashindwa kuanza wimbo. Restituta alipoyaona yale machozi, alijua kesi imekwisha. Akaenda nyumbani akaloweka mbegu.

Jumatano mbegu zilikuwa zimetoa vichipukizi vyeupe. Akampitia Fridolin ili waende wote shambani wakapande kwa furaha. Walikuta trekta linamalizia kulima, na Alfonsi amesimama pembeni.

"Tumsifu Yesu Kristo, katekista! Juzi Jumapili ulituua! Kumbe watu wa namna ile wapo? Yule mjane uliyemsema alinitoa machozi, jamani."

"Alfonsi, yule mjane ni huyu hapa. Nilikuwa nakusema wewe."

Alfonsi alimkodolea macho, kisha akacheka mpaka akashika tumbo. "Katekista bwana! Hata katikati ya wiki hupumziki? Mimi nimechukua cha ukoo. Wewe ulisema wanaopora."

"Sitanii. Mbele za Mungu, sitanii."

Dereva naye akacheka, maana vichekesho vyote vikali vya Fridolin huanza na uso huohuo mkavu. Fridolin akajaribu kusema moja kwa moja, kwa ukali: shamba ni la Restituta, kulichukua ni dhambi. Sauti ilitoka nyembamba, kama ya mtu aliyetumwa na hajui vizuri alichotumwa. Alfonsi akampigapiga begani, akarudi kumwelekeza dereva kona iliyobaki.

Restituta alifunua ndoo.

"Zikishachipua hivi hazirudi ghalani, katekista. Wala haziliwi. Nizipeleke wapi?"

Fridolin aliangalia mbegu. Aliangalia trekta.

"Nyuma ya kanisa pana nafasi kidogo."

Pale ni mchanga mtupu na ndipo mbuzi wa kijiji wanapolala. Mpunga haujawahi kuota. Restituta alilijua hilo, na Fridolin alilijua. Akashika mkono wa ndoo upande mmoja, mama akashika wa pili, wakaanza kurudi.