Mkokoteni wa Barafu Mbele ya Ikulu

Klermiz aliuza uji wa mahindi mkabala na Ikulu ya Port-au-Prince karibu maisha yake yote. Wateja walidhani amepapendea biashara. Kumbe alikuwa anamsubiri mumewe, Oselyen, atoke.

Ikulu yenyewe ilikuwa nyeupe pe, kuba tatu juu na nguzo nene mbele kama za mahekalu ya kale. Ilijengwa hivyo makusudi, mgeni akishuka melini ajue kwamba wajukuu wa watumwa nao wana nyumba ya rais. Watu waliolala kwenye vibanda vya bati waliionea fahari. Waliiogopa vilevile, maana aliyeingizwa humo kwa nguvu hakurudi kusimulia.

Enzi za udikteta, bendera ikipandishwa asubuhi, kila aliyekuwa barabarani alisimama tuli. Siku moja Oselyen alikuwa anateremka na mkokoteni wa barafu. Sasa mkokoteni uliojaa utasimamaje mteremkoni, ati kwa sababu rais ameamuru? Alipiga hatua kuuzuia, na askari wakamwona.

"Wewe ndiye mwenye haraka kuliko bendera, eh? Twende ukamweleze rais mwenyewe."

Klermiz alikuwa palepale, mkono kifuani. Bendera haikuwa imefika juu, kwa hiyo hakutikisika. Mumewe alimtazama, kisha akaburutwa getini. Macho yale yalimsumbua miaka yote kuliko hata upweke.

Miaka mingi baadaye, tetemeko la ardhi lilipoibomoa Ikulu, watu walilia hadharani. Yeye alimpelekea uji dereva wa tingatinga aliyekuwa akiondoa kifusi.

"Mwanangu, ukifika vyumba vya chini, niite."

"Bibi nawe, unatafuta dhahabu?"

"Natafuta mume wangu."

Kijana akaacha kucheka. Kazi ilipokwisha, alimfuata mwenyewe kibandani.

"Tumefika chini kabisa, bibi. Ni udongo mtupu. Hata mfupa hamna."

"Umetazama vizuri?"

"Nimetazama. Nisamehe."

Kesho yake bendera ilipandishwa kwenye kiwanja kitupu. Siku hizi hakuna anayesimama. Vijana walipita na simu zao masikioni. Mkono wa Klermiz ulianza kwenda kifuani kwa mazoea. Akaushusha, akatupa upawa, akavuka barabara mbio kadiri magoti yalivyomruhusu. Alifika lilipokuwa geti kabla bendera haijafika juu.

"Oselyen," aliita, akihema. "Nimekuja."