Siku Redio Janja Ilipoingilia Maombi

Kama mnataka kucheka, chekeni sasa mmalize, kwa sababu hii aibu nimeibeba miaka mingi na kuna watu Zombe mpaka leo wakiniona wanauliza, "Na mbuzi hajambo?"

Ilikuwa mwanzo wa miaka ya tisini, mimi nikiwa karani wa dispensari ya kanisa pale Zombe, na kazi yangu kubwa (mimi niliiona kubwa) ilikuwa kushika redio ya mawasiliano. Tulikuwa vituo vitatu, Zombe, Matinyani na ofisi ya Kitui mjini, wote tukigawana chaneli moja, kwa hivyo ukitaka kuagiza dawa unasikiliza kwanza kama kuna mtu anaongea, ukikuta yupo unangoja, na ukimaliza yako unasema "ova" ndio mwenzako ajibu. Basi wakatuletea redio mpya, na fundi aliyekuja kuifunga akasema hii ni janja, iko na chaneli kadhaa, inasikiliza yenyewe, ikipata moja iko tupu inaingia hapo pamoja na redio ya unayemwita, na kuwasha taa ya kijani. Mimi nikasikia "tupu" nikaelewa "siri". Sikuuliza swali, nilikuwa nimevaa tai.

Sasa Matinyani kulikuwa na Mwende, nesi, na sisi wawili tulikuwa tumepatana. Jumamosi iliyokuwa inakuja nilikuwa nipeleke kwao mbuzi watatu wa ntheo, ile desturi yetu Wakamba ambayo bila hiyo bibi si wako. Baba yake, Mzee Kilonzo, ndiye alikuwa mwenyekiti wa kamati ya dispensari zetu, mtu wa maombi marefu mpaka chai inapoa mezani. Mbuzi wawili walikuwa wazuri kabisa. Wa tatu alikuwa chongo.

Siku ya kuzindua hizo redio kamati nzima ilikaa Kitui, redio yao ikaunganishwa na spika kubwa ili watu wasikie vituo vikisalimia. Maombi kwanza, halafu salamu. Mzee Kilonzo akaanza, akaombea mvua, akaombea ng'ombe, akaombea serikali, na mimi (Mungu anisamehe) nikapunguza sauti ya redio, nikasema hapa niko na nusu saa nzima, wacha niongee na Mwende polepole kwa chaneli tupu. Nikabonyeza. Redio ikazunguka, ikatafuta, na taa ya kijani hiyo!

Kumbe mzee alikuwa amefika pale pa kusema, "Sasa kila mtu aombe kimyakimya," akaachilia kitufe. Redio janja ikasikia kimya, ikaona hapa hakuna mtu, ikaniingiza katikati ya maombi ya watu.

"Mwende mpenzi," nikaanza, kidole nimekikaza kwa kitufe (ukikibonyeza husikii mtu mwingine), "yule mbuzi wa tatu ni chongo, lakini usijali, nitamshika upande ule mbaya. Na baba yako ataona nini? Si uliniambia mwenyewe macho yake hayaoni herufi tena, ile Biblia anafungua Jumapili anasema tu ya kichwani? Atakuwa kwa maombi yake, akifungua macho mbuzi wako bomani. Ova."

Nikaachilia. Kwanza nikasikia watu wengi wakikohoa. Halafu sauti ya mzee, taratibu.

"Zombe, hapa ni Kitui. Macho nimefungua. Ova."

Woi! Nikazima redio, eti nikizima huku Zombe na wao Kitui watasahau.

Kesho yake nikafika Matinyani nikiwa nimepanga maneno yangu yote. Mwende alikuwa anapanga chupa za dawa, hata kiti hakunipa. Nikamwambia nimepata mbuzi mwingine, mzima, macho yote mawili.

"Mbuzi!" akasema. "Ya mbuzi baba alicheka. Lakini mtu mmoja wa kamati alimpa Biblia palepale, akamwambia, 'Tusomee, mwenyekiti.' Baba akaishika juu chini, mbele ya watu wote. Hayo ya macho yake nilikuambia wewe tu. Wewe peke yako."

"Sikujua wanasikia."

"Kwa hivyo kama hawangesikia, ingekuwa sawa kumcheka?"

Akarudi kwa chupa zake. Ntheo haikuenda. Mzee aliacha uenyekiti wiki hiyohiyo (na kiti kikachukuliwa na nani? Na yuleyule wa Biblia, akiwa na miwani mpya), na Mwende akaolewa Makueni na mtu ambaye nimesikia haongei sana.

Mimi siku hizi mtu akianza kuniambia, "Hii ni kati yetu sisi wawili," nasimama, namuaga, naenda zangu nyumbani. Wacha waseme niko na madharau. Sitaki kujua.