Sauti ya Mama Kwenye Programu Huru
Hebu mwone akiingia zahanati, fundi wetu wa kompyuta, anafuta kioo cha kompyuta ya mapokezi kwa pindo la shati kabla hata ya salamu. Programu ya kuita wagonjwa kaiunda yeye, kwa sauti ya marehemu mama yake: “Namba saba, pita mwanangu.” Hata mzee mwenye mvi huitikia, “Naam, mama.” Ukiiita programu ya bure, anakusahihisha: “Bure ni kuhangaika bila faida. Hii ni huru. Chukua, badilisha, gawa, leseni inasema.”

Jana fundi wa zahanati jirani, iliyoichukua programu hiyo, alimpigia simu. “Kaka, yule bibi tumemtoa, tumeweka sauti ya kijana. Leseni si inaruhusu?”

Fundi wetu akafuta kioo ambacho tayari kilikuwa safi. “Inaruhusu.”

Leo kaifungua leseni yake, anautazama mstari wa mwisho. Ungekuwa wewe, ungeongeza mwingine wa kumlinda mama?