Dobi Nassibu na Mabonge ya Bwawani

Kijiji kizima cha Miteja kilikuwa na dobi mmoja, Nassibu, na kwa maoni yake huyo mmoja aliitosha pwani yote mpaka Lindi. Ufundi aliupata Kilwa Kivinje, akarudi na pasi ya makaa na majivuno ya nahodha wa meli. Ila ilikuwa miaka ya vita vya Hitla. Waingereza walikuwa na haja na kila kitu isipokuwa kanzu zetu. Sabuni ikawa adimu, na buluu ya kufulia, ile inayoua unjano wa nguo nyeupe, ikatoweka kabisa madukani. Kanzu zikawa njano kama meno ya mtafuna tumbaku.

Hilo lilimkuta Nassibu keshamposa Mboni mfinyanzi, binti wa Mzee Abdulrahmani, mtu aliyeipenda kanzu yake kuliko baadhi ya wanawe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Idi hiyo mlangoni. Nataka kanzu nyeupe kumshinda jumbe. Ukishindwa, posa yako nenda nayo ukaifue."

Mboni akamwonea huruma. Bwawani alikochimba udongo wa vyungu, chini ya matope meusi, ilizikwa mifupa ya kiboko wa zamani, na mifupa ile ilishikwa na mabonge meupe, laini hata ukucha unayakwaruza. Wataalamu huyaita vivianiti: fosfeti iliyofunga ndoa na chuma ndani ya matope yasiyopata hewa. Ndoa yenyewe ikitoka nje tu, inabadilika rangi.

"Yakipata hewa na mwanga yanageuka buluu yenyewe," Mboni alisema akimpa chungu kilichofunikwa. "Tia kidogo tu, halafu usubiri."

"Wee finyanga, mama. Nguo niachie mwenyewe."

Alfajiri ya Idi akayasaga, akayakoroga kwenye wanga wa muhogo. Dobi hupima buluu kwa kutazama rangi ya maji. Maji haya yakabaki meupe. Akaongeza. Meupe vilevile. Akamimina chungu kizima, akailoweka kanzu, akaipiga pasi gizani, akaipeleka inang'aa kama jino la mtoto.

Mzee akajipanga safu ya mbele, uwanjani, jua likichomoza. Takbiri ya kwanza alikuwa mweupe. Kwenye hotuba mabega yakawa samawati. Watu walipoanza kupeana mikono, alikuwa buluu toka shingoni mpaka kwenye pindo. Nassibu, safu ya mwisho, aliomba dua ndefu kumshinda imamu.

"Abdulrahmani!" Jumbe Salumu akashtuka. "Si umekuja na nyeupe wewe?"

Mzee akajitazama. "Macho yako hayo, jumbe. Hii ya Maskati. Wenye hadhi zao wameshaacha nyeupe."

Jumbe akaipapasa. "Ebo! Basi na mimi nitafutie."

Nyumbani mzee hakungoja hata pilau, akamgeukia Nassibu. "Nirudishie weupe wangu!"

"Hautarudi, mzee. Juani buluu inazidi kukolea."

"Basi posa imevunjika!"

"Sawa, baba," Mboni akasema huku anapakua. "Ila jumbe akimwuliza Nassibu habari za Maskati, naye si mtu wetu tena, atanyamaza kwa ajili ya nani?"

Mzee akatafuna tonge lake polepole mno.

"Karibu chakula, mkwe wangu," akasema mwishowe. "Hivi kule bwawani mabonge yamebaki? Jumbe anaitaka kanzu yake kabla ya Idi ya kuchinja."